Programu Isiyoonekana Inayozifanya Kompyuta Nyingi Kuwa Moja

Ruiru imejengewa jina na kahawa. Aina ya Ruiru 11, iliyokabidhiwa wakulima mwaka 1985, ilizaliwa katika kituo cha utafiti cha mji huo baada ya kazi ya zaidi ya miaka 10. Adui aliyelengwa alikuwa chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni zikiwa bado changa mtini, ambao wakulima wa Kiambu wanauita CBD tu, na ambao uliripotiwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Watafiti wa wakati ule walichavusha maua kwa mkono, wakaotesha mbegu, wakaiambukiza miche ugonjwa makusudi, kisha wakasubiri kuona upi utasalimika. Aina nyingine, Batian, ikafuata mwaka 2010. Shamba, mikono na subira bado vinahitajika, ila sehemu moja ya kazi ya aina hii duniani sasa imehamia mahali pasipo na udongo: kwenye kompyuta, ambako herufi za DNA ya mmea husomwa na kulinganishwa.

Herufi hizo ni nyingi mno. Jenomu ya kahawa ya arabika, ambayo ramani yake ya kina ilichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Genetics, ina herufi zaidi ya bilioni 1, kwa kuwa arabika ni mtoto wa spishi mbili zilizokutana takriban miaka 600,000 iliyopita, naye akarithi jenomu nzima ya kila mzazi. Mashine nyingi za kusoma DNA hazitoi uzi mmoja mrefu. Hutoa vipande vifupi vya herufi 150 hivi. Ukitaka kila herufi isomwe mara 30 ili makosa ya usomaji yajulikane, mche mmoja utakuletea vipande zaidi ya milioni 200 vya kupangwa upya mahali pake. Sasa weka miche 100 ya kulinganisha. Kompyuta ya mezani itanguruma usiku na mchana kwa majuma, na huenda ikakwama kabla ya kufika nusu kwa kuishiwa na kumbukumbu.

Ndiyo maana kazi kama hii hupelekwa kwenye klasta, yaani kundi la kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao ili zifanye kazi pamoja. Kila kompyuta ya kundi huitwa nodi. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ina klasta yake pale Kabete, Nairobi, na wanasayansi wa mimea, mifugo na vimelea huitumia. Kituo cha IGAD cha utabiri wa hali ya hewa, ICPAC, nacho hutegemea mashine za namna hii kuandaa utabiri wa mvua wa Afrika Mashariki. Mtafiti aliyepewa akaunti hahitaji kupanda matatu ya kwenda Nairobi. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na mtandao wa KENET unaviunganisha vyuo vikuu vya Kenya, kwa hiyo mtu aliye Juja au Thika huketi mezani kwake, huandika amri, na kazi hufanyika kwingine.

Huandika amri, na kazi hufanyika. Katikati ya hayo mawili kuna jambo ambalo wengi hulivuka bila kulitazama. Nodi ya saba haina mtu mbele yake. Haina kioo, haina kibodi, imefungiwa kwenye chumba chenye baridi. Ni nani anayeianzishia programu pale? Ni nani anayejua ikimaliza, ikikwama au ikifa?

Jibu ni programu ndogo inayoitwa dimoni. Dimoni haina dirisha wala kitufe cha kubofya. Huamka pamoja na mashine, hukaa nyuma, husubiri kuitwa. Kompyuta ya Linux imejaa dimoni za kila namna: moja hurekebisha saa, nyingine hupokea wageni wanaoingia kwa mbali, nyingine hushughulikia uchapishaji. Ile ninayoizungumzia hapa huanzisha michakato kwenye nodi za klasta. Mchakato ni programu ikiwa kazini: ile faili iliyokuwa imelala kwenye diski sasa ina nafasi kwenye kumbukumbu, ina namba yake na ina zamu yake kwenye prosesa.

Kwenye klasta ya ILRI na nyingine nyingi duniani, mfumo unaoendesha mambo haya ni Slurm. Ulianza mwaka 2002 katika maabara ya kitaifa ya Lawrence Livermore, Marekani, na hautozi ada ya leseni. Slurm ina dimoni mbili kuu. Ya kwanza, slurmctld, hukaa kwenye kompyuta moja ya uongozi; ndiyo inayopokea maombi, kupanga foleni na kuamua nani apewe nodi zipi na kwa saa ngapi. Ya pili, slurmd, hukaa kwenye kila nodi bila kukosa. Anayeyajua mashamba makubwa ya kahawa ya Ruiru ataielewa slurmd mara moja, maana ni nyapara wa kitalu kimoja: haamui shamba lichumwe lini, lakini ndiye anayewaita wachumaji, kumwonyesha kila mmoja mstari wake, kujua aliyeanguka na kupeleka hesabu ofisini jioni.

Sifa nyingi za klasta huenda kwa prosesa. Ukifungua habari yoyote ya kompyuta kubwa utaambiwa idadi ya viini, yaani sehemu za prosesa zinazokokotoa, na kasi yake. Mimi naona sifa hiyo imepelekwa upande mmoja. Prosesa 1,000 zisizo na dimoni ya kuziamsha pamoja ni prosesa 1,000 tu, kila moja na lake. Kinachozifanya ziwe chombo kimoja ni kazi ya sekunde chache za mwanzo, na kazi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu.

Tuchukue utabiri wa mvua, kwa sababu hapo michakato haiwezi kufanya kazi bila kusemezana. Mvua ya masika inayonyesha kwenye milima ya Aberdare ndiyo inayoujaza Mto Thika na bwawa la Ndakaini, lililokamilishwa mwaka 1994 na ambalo hulipatia jiji la Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Kujua mvua hiyo mapema ni jambo la maisha. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, pale Dagoretti Corner, na ICPAC hutumia programu ya WRF, ambayo huigawa anga katika nukta nyingi na kukokotoa joto, upepo na unyevu wa kila nukta, hatua kwa hatua.

Tuseme ramani yetu ina nukta 400 kwa 400, na tumepewa nodi 4 zenye viini 16 kila moja. Jumla ni viini 64, kwa hiyo ramani inakatwa vipande 64, mistari 8 yenye vipande 8, na kila kipande kinabaki na nukta 50 kwa 50. Kila kipande hupewa mchakato wake, na michakato huhesabiwa kuanzia 0 hadi 63. Mchakato namba 27 unashughulikia kipande chake, lakini upepo haujui mipaka yetu. Wingu likifika ukingoni mwa kipande cha 27 linaingia kwa jirani. Hivyo basi, kila hatua ya hesabu, mchakato wa 27 hubadilishana nukta za ukingoni na majirani wanne: 26 na 28 kwa pembeni, 19 na 35 kwa juu na chini. Namba 19, 26 na 28 wako naye kwenye nodi ya pili. Namba 35 yuko nodi ya tatu, ng'ambo ya waya.

Fuatilia sasa jinsi mchakato wa 27 unavyozaliwa. Mtafiti ameandika faili fupi yenye maelekezo na kuiwasilisha kwa amri ya sbatch. Ombi limekaa foleni, zamu ikafika, nodi nne zikatengwa. Maelekezo yanaanza kusomwa kwenye nodi ya kwanza, na mstari wenye amri ya srun ukifikiwa, ujumbe unatumwa kwa slurmd za nodi zote nne kupitia lango namba 6818, ambalo dimoni hiyo husikiliza muda wote.

Slurmd ya nodi ya pili haiamini ujumbe kwa kuupokea tu. Na ina haki, kwa sababu inaendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu wa mashine, yule anayeweza kusoma faili yoyote na kufuta chochote. Mtu akiweza kuidanganya, ameiteka nodi. Kwa hiyo ujumbe huja na hati iliyofungwa kwa ufunguo wa siri ambao nodi zote za klasta zinaushiriki, na katika klasta nyingi kazi hiyo ya kufunga na kufungua hufanywa na dimoni nyingine iitwayo Munge. Hati husema ni nani ameomba, kazi ni ipi na nodi zipi zimeruhusiwa. Ikikubalika, slurmd haianzishi WRF kwa mkono wake. Huzaa kwanza msaidizi, slurmstepd, na kumwachia hatua hiyo ya kazi, ili yenyewe irudi langoni kusikiliza. Msaidizi akianguka, slurmd inabaki hai.

Msaidizi huyo hutenga eneo ndani ya kerneli, moyo wa mfumo wa Linux, na kuandika sheria zake: michakato ya kazi hii itumie viini hivi tu na kumbukumbu isizidi kiasi hiki. Hujigawa mara 16, na kila mgawanyiko unavua mamlaka ya mtumiaji mkuu na kuvaa utambulisho wa mtafiti, ili usiweze kugusa faili zisizo zake. Kila mmoja huwekewa folda ya kazi, huandikiwa namba yake, kisha huambiwa ujigeuze kuwa WRF. Mmoja wa hao 16 ndiye namba 27.

Lakini namba 27 amezaliwa bila kumjua mtu. Anajua yeye ni wa 27 kati ya 64, basi. Jirani yake 35 yuko wapi, na anapatikana kwa anwani gani? Hapa dimoni hufanya kazi ambayo mimi naiona kuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Kila mchakato humpa msaidizi wa nodi yake anwani yake ya mawasiliano. Wasaidizi wa nodi zote nne hubadilishana orodha. Michakato yote husimama ikingoja hadi wa mwisho atoe anwani yake, na baada ya hapo yeyote anaweza kuuliza anwani ya yeyote. Namba 27 anauliza ya 35, anajibiwa, anafungua njia. Kuanzia hapo dimoni hujitoa kwenye mazungumzo yao. Nukta za ukingoni husafiri moja kwa moja kutoka nodi hadi nodi bila mtu wa kati, kwa sababu kila ujumbe ukipitia kwa msaidizi, klasta yote itakwenda kwa kasi ya msaidizi.

Yote hayo, kutoka srun hadi wingu la kwanza kuvuka mpaka, mara nyingi hukamilika kabla ya mtu kuinua kikombe chake cha chai.

Wapo wanaouliza kwa nini mtafiti asiingie tu kwenye kila nodi kwa mbali na kuanzisha programu mwenyewe, kwa kitanzi cha amri. Inawezekana, na wengi walianza hivyo. Kwa nodi 4 inavumilika. Tatizo huonekana siku ya kusimamisha. Ukikatiza kazi iliyoanzishwa kwa kuingia kila nodi, unachokikata ni muunganisho. Michakato iliyo upande wa pili haina habari na inaweza kuendelea kula prosesa kwa siku tatu, haina mwenyewe wala matokeo yake hayasomwi na mtu. Mtafiti mwingine akipewa nodi hiyo atashangaa kazi yake inavyojikokota, na hataona sababu kwa sababu hajui kwamba yatima wa mwenzake bado wako humo.

Slurm huliziba pengo hilo kupitia lile eneo lililotengwa kwenye kerneli. Kila mchakato uliozaliwa ndani ya eneo, na kila mtoto wake, na mjukuu wake, umehesabiwa humo na hauwezi kutoka. Mtafiti akiandika amri ya kusimamisha, scancel, au saa alizoomba zikiisha, slurmd huwatumia wote ishara ya kuwataka wamalize kwa heshima: funga faili, hifadhi ulichofikia. Kwa mpangilio wa kawaida husubiri sekunde 30. Aliyebaki baada ya hapo huondolewa kwa nguvu na kerneli. Na kama kuna mchakato usiosikia hata hilo, kwa mfano umekwama ukingoja diski ya mtandao isiyojibu, slurmd haidanganyi kwamba nodi ni safi. Huiripoti, nayo nodi inazuiwa kupokea kazi mpya mpaka msimamizi aje kuitazama. Napenda uaminifu huo. Afadhali nodi moja isimame kuliko matokeo ya mtu yaharibike kimyakimya.

Mwisho wa kila mchakato pia huwa na namba. Sifuri maana yake umemaliza salama. Nyingine yoyote maana yake kuna jambo. Msaidizi hukusanya namba hizo pamoja na hesabu ya muda wa prosesa na kumbukumbu iliyotumika, na kuzipeleka juu. Mwanafunzi anayelalamika kwamba kazi yake imekufa bila sababu mara nyingi hajaisoma ripoti hiyo. Aliomba kumbukumbu ya gigabaiti 8, programu ikataka 9, kerneli ikaiua, na yote yameandikwa.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wenzetu wa Livermore: stima. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na maeneo mengi yalikaa gizani kwa saa nyingi. Chumba cha kompyuta chenye betri na jenereta huvuka usiku kama huo. Klasta ndogo ya chuo, iliyojengwa kwa kompyuta za maabara, huanguka yote kwa dakika moja, na isitoshe huanguka mara kwa mara kwa mikatiko midogo ambayo haiandikwi magazetini.

Slurm imeandaliwa kwa hali hiyo, mradi msimamizi aielewe. Dimoni ya uongozi huzipigia hodi slurmd zote kila baada ya muda. Nodi isiyojibu kwa sekunde 300 huandikwa kuwa imeanguka, na kwa mpangilio wa kawaida kazi iliyokuwa humo hurudishwa foleni ili ianze upya kwingine. Stima ikirudi, nodi huwaka, slurmd huamka na kujitambulisha. Hapo wasimamizi wengi wapya huduwaa: nodi iko hai, inajibu, lakini haipewi kazi. Sababu ni kwamba imezimika na kuwaka bila taarifa, na kwa mpangilio wa awali Slurm huiacha kando mpaka binadamu athibitishe kwamba ni nzima. Amri moja ya msimamizi huirudisha kazini. Anayejua hili humaliza kwa dakika mbili. Asiyejua husakinisha upya mfumo mzima.

Kuna mtego mwingine, mdogo na wa ajabu, ambao kompyuta kuukuu huuleta. Ndani ya kila kompyuta kuna betri bapa ya saa, yenye umbo la sarafu. Ikichoka, kompyuta husahau tarehe kila stima inapopotea, na huamka ikidhani ni mwaka wa nyuma. Zile hati za Munge, kumbuka, ndizo zinazoifanya slurmd iuamini ujumbe, na kila hati ina muda wa kuishi: kwa kawaida dakika 5. Nodi ambayo saa yake imerudi nyuma itaiona hati mpya kama iliyotoka siku zijazo na kuikataa. Waya ni mzima, ufunguo ni sahihi, dimoni iko macho, na bado nodi inakataa kila kazi. Dawa ni betri ya bei ndogo ya dukani, pamoja na ile dimoni nyingine ya kurekebisha saa kupitia mtandao. Kwa maoni yangu, kila anayepewa dhamana ya klasta Afrika Mashariki angeanza kufundishwa hapo, kabla ya kuonyeshwa picha za kompyuta kubwa za ng'ambo.

Haya yote hayakugunduliwa siku moja. Mwaka 1989, katika maabara ya Oak Ridge, Marekani, ulianza mfumo wa PVM, ambao uliweka dimoni kwenye kila mashine na kuzifanya zionekane kama kompyuta moja. Mwaka 1994, katika kituo cha Goddard cha NASA, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa ya Intel 486 kwa mtandao wa Ethernet, wakaipa klasta yao jina la Beowulf. Hadi hapo kompyuta kubwa zilikuwa za makampuni na serikali tajiri. Beowulf ilionyesha kwamba chuo kinaweza kuijenga. Mwaka huohuo kikatoka kiwango cha MPI, lugha ya pamoja ambayo michakato ya programu moja hutumia kupelekeana ujumbe, na ambayo WRF huitumia hadi leo.

MPI ilisema michakato iongee vipi. Haikusema izaliwe vipi. Kila kundi likabuni njia yake. Maabara ya Argonne, iliyotengeneza MPICH, programu inayotekeleza kiwango hicho, iliweka dimoni iitwayo MPD, na dimoni hizo zikapangwa kwa duara: kila moja inamjua jirani, ujumbe unazunguka. Kwa mashine chache ni mpango safi. Ila kwenye duara la mashine 1,000, ya mwisho husubiri ujumbe upite mikononi mwa mamia ya wenzake, na mmoja akifa katikati, duara limekatika na lazima liungwe. Baadaye Argonne waliiacha MPD na kuleta mfumo wa Hydra badala yake.

Mfumo unaotumika sana leo ni wa matawi. Uongozi huwaambia wachache, kila mmoja wao huwaambia wachache wengine. Tuseme kila dimoni inapeleka ujumbe kwa 50. Hatua ya kwanza inafikia nodi 50, ya pili inaongeza 2,500, ya tatu inaongeza 125,000. Kompyuta ya Frontier ya Oak Ridge, ya kwanza kutangazwa katika orodha ya Top500 kuvuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, Mei 2022, ina nodi zaidi ya 9,400 na huendeshwa kwa Slurm. Kwa matawi ya namna hiyo, ujumbe wa kuamsha nodi zake zote unahitaji hatua tatu.

Programu iliyo kwenye Frontier na ile unayoweza kuiweka kwenye kompyuta mbili kuukuu za maabara ya Thika ni ileile. Narudia kwa kuwa jambo hili halisemwi vya kutosha. Hatulinganishwi kwa prosesa, hapo tumeachwa mbali. Lakini ujuzi wa kuzipanga, kuziamsha, kuzichunga na kuzisafisha hauna mpaka wala ada. Kompyuta ya Ranger ya Chuo Kikuu cha Texas, ilipozimwa mwaka 2013, sehemu zake zilisafirishwa hadi Afrika Kusini na kugawiwa taasisi za nchi kadhaa za Afrika. Chuma kinaweza kuja kwa meli. Mtu wa kukitunza anapaswa kulelewa hapa. Mahali ambapo hakuna aliyelelewa, mashine hukaa kwenye chumba kilichofungwa, mpaka siku ya wageni.

Barabara ya Thika, kuanzia Kahawa kupitia Ruiru na Juja hadi Thika mjini, ina vyuo vikuu na vya ufundi vilivyokaribiana kuliko sehemu nyingi za nchi. Kenyatta, JKUAT na Mount Kenya viko humo. Maabara za kompyuta zipo, na zinapofanyiwa ukarabati mashine za zamani huwekwa stoo. Kwa wahadhiri wa kompyuta wa vyuo hivi ombi langu ni moja: msiiache mada hii kwenye slaidi. Mwanafunzi aliyesoma kuhusu michakato kwa nadharia atapita mtihani, lakini hataweza kumsaidia mtafiti wa kahawa au wa hali ya hewa kazi inapokwama saa nane za usiku.

Na kwa mwanafunzi anayesoma haya, usisubiri kuitwa. Omba kompyuta tatu zilizotupwa stoo na swichi moja ya mtandao. Badilisha betri za saa kwanza. Weka toleo lilelile la Linux kwenye zote tatu, watumiaji walewale wenye namba zilezile, ufunguo uleule wa Munge, faili ileile ya mipangilio ya Slurm. Washa slurmctld kwenye moja na slurmd kwenye zote. Andika srun -N3 hostname, uone majina matatu yakirudi, kila moja kutoka kwenye mashine yake. Kisha chomoa waya wa mtandao wa nodi moja, ngoja dakika 5 zipite, uandike sinfo na usome dimoni ya uongozi imeandika nini kuihusu.